Siku Polimerasi Yangu Ilipofunga Barabara

Nianze kwa kukiri, kabla hamjaanza kunichungulia usoni: aibu niliyoipata siku ile kwenye nyasi za chuo haijaisha mpaka leo, na kama kuna mtu kati yenu alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi arobaini, au (Mungu apishe mbali) miongoni mwa watu waliopiga magoti barabarani, namwomba anyamaze mpaka nimalize, halafu ndiyo acheke.

Mimi ni Zaituni, binti wa polisi, nimekulia kambini Nsambya, Kampala, Mnubi wa ukoo wa askari tangu babu wa babu, na miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilikuwa fundi wa maabara chuo kikuu, idara ya biokemia. Fundi wa maabara ni yule anayepima, anayechemsha, anayeosha vyupa na kujua barafu imebaki kiasi gani, kisha mwalimu anaingia na koti jeupe lililopigwa pasi na kuwaambia wanafunzi, "Kama mnavyoona." Miaka sita nilikuwa nyuma ya hiyo "kama mnavyoona". Kila somo nilikuwa nimelisikia mara sita, naweza kulisema lote nikiwa nasugua chupa, na nilikuwa na uchu mmoja tu moyoni ambao ulikuwa haunipi raha, nikikaa nasimama, nikisimama natembea: niitwe Mwalimu.

Basi walimu wakaanza kupungua. Wageni waliondoka kwanza, kisha wenyeji nao wakawa wanakwenda mkutanoni Nairobi na mikutano yenyewe haiishi. Mzungu aliyekuwa akifundisha jinsi jeni za bakteria zinavyoanza kusomwa aliondoka Jumapili moja bila kuaga, akaacha daftari lake na mwavuli. Mkuu wa idara, Dokta Kaggwa, mzee mpole kutoka Lubaga anayevaa suti hata Jumamosi, akabaki na masomo manne mabegani. Nikamfuata ofisini kwake.

"Ssebo, somo la polimerasi ninalijua," nikamwambia, maana bwana kwa Kiganda ni ssebo. "Nipe nilifundishe mara moja tu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Zaituni, wewe una diploma."

"Mara moja tu, ssebo."

Mguu wangu ukawa unagonga sakafu wenyewe, sikuweza kuuzuia. Mwishowe akasema, "Haya. Alhamisi saa nne. Nitakuja nikae nyuma nisikilize. Ukiliweza, naandika barua ili uwe mwalimu msaidizi. Usipoliweza, unarudi kwenye vyupa vyako na hatuzungumzi tena habari hii."

Somo lenyewe ni hili, nalieleza kwa haraka maana bila hilo hamtaelewa nilivyojiponza. DNA ya bakteria ni kamba mbili zilizosokotana, na kila kamba ina herufi zinazoshikana na herufi za mwenzake: A hushikana na T kwa kulegea kidogo, G hushikana na C kwa kukaza. Habari zote za kile kiumbe ziko kwenye hizo herufi, lakini kamba zikiwa zimeshikana hazisomeki. Msomaji ni enzaimu inayoitwa polimerasi, ambayo peke yake haijui ianzie wapi, ndiyo maana inatembea na mwenzake aitwaye sigma, na huyo sigma ndiye anayepajua mahali. Wakifika, polimerasi inakaa juu ya kamba ikiwa bado imefungwa, na kwa muda ungedhani hakuna kinachotokea. Kisha kamba inapinda, na jozi kama kumi na mbili zinaachana, tena si mwanzoni wala mwishoni, ni hapohapo katikati, huku pande zote mbili zimebaki zimefungwa. Hapo ndipo kusoma kunapoanza. Basi, ni hilo tu, na mimi nililiona ni jambo zuri kuliko yote yanayotendeka duniani, nami nilitaka nilieleze mimi, kwa mdomo wangu.

Jumatano sikula kitu. Alhamisi nikaamka kabla ya adhana, nikapiga pasi koti langu mara mbili, nikafika chuoni saa moja na nusu, nikakuta umeme hakuna. Picha za Mzungu za kuonyesha ukutani zikawa hazina kazi. Chaki ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa jino. Darasa lenyewe lilikuwa giza, maana madirisha mawili yaliyovunjika tulikuwa tumeyaziba kwa mbao. Nikawa nazunguka humo ndani, natoka, naingia, natazama saa, natoka tena, na ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao hata leo ukiniuliza una kosa gani nitasema hauna: nikaamua somo tulifanyie nje kwenye nyasi, na wanafunzi wenyewe wawe DNA.

Nyasi zenyewe zilikuwa chini kidogo ya jengo letu, kando ya ua wa michongoma mrefu kuliko mtu, na nyuma ya ule ua ni barabara inayoteremka kuelekea soko la Kalerwe. Ua ulikuwa na mwanya mmoja tu, pale wapishi wa chuo walipozoea kupenya. Sikuufikiria ule mwanya. Wala barabara sikuifikiria.

Saa nne wanafunzi wakaja, arobaini kamili, na Dokta Kaggwa hakuja. Saa nne na dakika kumi, hakuna. Saa nne na robo nikasema nianze, akija ataikuta inaendelea. Nikawaeleza kwa Kiingereza, lugha ya darasa: ninyi huku ni kamba ya kwanza, ninyi kule ni ya pili, tazamaneni, mkono wa ndani ushike wa mwenzako, hawa ni A na T, shikaneni kwa kidole kidogo, hawa ni G na C, shikaneni kiganja. Wanaume watatu nikawafunga pamoja kwa shuka la hosteli wawe polimerasi. Sigma nikamchagua msichana mdogo wa umbo, Nakku, ambaye muhula mzima hakuna aliyewahi kusikia sauti yake.

Enyi jamaa, ni vurugu! Hawa wanacheka, hawa wanaona haya kushikana mikono, mmoja anadai yeye hawezi kuwa T kwa sababu wiki iliyopita aligombana na A wake, lile shuka linatembea lenyewe na watu watatu ndani. Nikipanga huku kule kunabomoka. Mimi natazama saa, natazama njia ya jengo, Dokta atatokea sasa hivi akute soko, na barua yangu ndiyo kwaheri. Na hapo, bila kupanga, ikanitoka sauti ya baba yangu.

Baba yangu alikuwa sajini wa kufundisha makuruta gwaride. Sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka relini, nami nimeirithi (mama alikuwa akisema ni bahati mbaya kwa binti). Na nyumbani kwetu kambini lugha ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo nikavuta pumzi nikatoa:

"NYAMAZA! MISTARI MIWILI! SIMAMA WIMA!"

Sasa wenzangu mliokulia pwani, mnaoimbiwa na kubembelezwa kwa Kiswahili, nisikilizeni. Kampala miaka ile mtu alizungumza Kiganda nyumbani na Kiingereza ofisini. Kiswahili alikisikia kutoka kwa mwenye bunduki. Alikisikia kwenye vizuizi, pale alipoambiwa afungue buti, afungue begi, apige magoti. Hakuna aliyengoja kuambiwa mara ya pili. Mimi hilo nililijua, kila mtu alilijua, lakini kwangu mimi kilikuwa pia ni lugha ya uji na ya kusukwa nywele, na siku ile nilisahau kwamba kwa wengine sivyo.

Wanafunzi wale, nawaambia, walinyooka! Mistari miwili kama imepigwa rula. Kimya, hata shuka limesimama. Na badala ya kujiuliza kwa nini watoto wa watu wamekuwa na sura zile, mimi nikafurahi. Nilinogewa. Nikaendelea kwa sauti ileile:

"POLIMERASI, SONGA MBELE! SIMAMA HAPO! KATIKATI... FUNGUA!"

Jozi kumi na mbili zikaachana kwa mpigo mmoja. Ilipendeza, siwafichi. Nyuma ya ua nikasikia breki za gari na baiskeli kuanguka, nikadhani ni mambo ya barabarani.

"FUNGA!" Wakashikana. "FUNGUA!" Wakaachana. "FUNGA! FUNGUA!" Nikafanya hivyo mara tatu, ili Dokta akitokea aikute imekaa sawa. (Baadaye mama mmoja wa sokoni aliniambia alifungua na kufunga kikapu chake mara tatu, akawa anawaza moyoni kwamba hawa lazima ni askari wapya wanaojifunza kazi.)

Aliyeniamsha ni Nakku, kwa ile sauti yake ambayo hatukuwahi kuisikia. "Nnyabo," akasema, yaani bibi, "tafadhali tazama barabarani."

Nikaenda kwenye mwanya nikachungulia. Mtu wa kwanza alikuwa mwanamume wa baiskeli; mkungu wake wa matoke uko chini, gunia limefunguliwa, na yeye amepiga magoti mikono kichwani, macho kafumba. Nyuma yake kina mama watano wa kutoka Kalerwe, wamekaa chini miguu wamenyoosha, vikapu wazi mbele yao, nyanya na dodo zimepangwa vizuri zikaguliwe. Nyuma yao lori la mkaa, turubai limefunuliwa. Na nyuma ya lori, gari la pijo la kijivu nililolijua, buti limenyanyuliwa juu, na kando yake kwenye lami, ndani ya suti ya kahawia na tai, mikono nyuma ya shingo, alikuwa amepiga magoti Dokta Kaggwa.

Nikapenya mwanya nikawakimbilia. "Inukeni," nikasema, kwa sauti ndogo. "Inukeni jamani, hakuna askari, ni mimi, ni somo."

Hakuna aliyeinuka. Mama wa mbele akanivuta gauni. "Dada, kaa chini, bambi, tafadhali! Wao nataona wewe nasimama, nakuja kupiga sisi yote."

"Mama, ni mimi niliyepiga kelele."

"Nyamaza, dada. Kaa."

Wanafunzi nao wamejaa kwenye mwanya wanatazama, na wanamtazama nani? Wanamtazama mkuu wa idara, mtu aliyesoma nchi tatu, mtu ambaye wakimkuta kwenye ngazi wanabandika migongo ukutani ili apite. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kumwendea ili nimshike mkono nimwinue, nilikuwa nimebakiza hatua kumi tu, na ndipo ikaja jipu ya jeshi, ya kweli.

Akashuka sajini mmoja mrefu, miwani myeusi, bunduki begani, dereva akabaki ndani. Akatazama ule mstari wa watu waliopiga magoti. Akatazama mbele, akatafuta askari. Akatazama nyuma. Nadhani katika kazi yake yote hakuwahi kukuta kizuizi kinachojiendesha chenyewe.

"Nani iko naweka lodibuloku hapa?"

Watu wote, bila kufumbua macho, wakanyoosha vidole kwenye michongoma.

"Ni mimi, afande," nikasema. "Lakini si kizuizi. Nilikuwa nafundisha."

Akavua miwani. "Wewe? Nafundisha watu kupiga magoti?"

"Hapana, afande. Nafundisha jinsi enzaimu ya bakteria inavyofungua DNA."

Mnajua, kuna sentensi ukishazitoa mdomoni unazisikia zinavyotembea hewani, na unatamani kuzikimbiza uzirudishe. Sajini alitembea taratibu kando ya mstari, akatazama dodo, akatazama mkaa, akafika kwenye pijo akainama juu ya buti. Akainua magazeti ya zamani. Chini ya magazeti palikuwa na mfuko wa sukari, kilo tano nzima.

Sitawaeleza sukari ilivyokuwa imeadimika. Nitasema tu kwamba mtu aliyekutwa na sukari nyingi namna ile aliitwa mlanguzi, na mtu aliyeitwa mlanguzi aliweza kuchukuliwa na asirudi. Dokta alikuwa bado magotini. Na mimi ndiye niliyemfungulisha lile buti, kwa mdomo wangu, mara tatu.

"Hii sukari ya nani?" akauliza sajini.

"Ya darasa, afande," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijayafikiria. "Ni ya somo. Ile kamba ya DNA imetengenezwa kwa sukari."

Na hapo, ndugu zangu, sikusema uongo! Uti wa ile kamba ni sukari kweli, sukari na fosfati, muulizeni yeyote aliyesoma. Ni sukari ya aina nyingine, sawa, lakini sajini hakuuliza aina.

Aliuliza lingine, lililo baya zaidi. "Onyesha."

Tukarudi kwenye nyasi, yeye, mimi, na Dokta Kaggwa amebeba mfuko wake kifuani, magoti ya suruali yake yamechafuka lami. Wanafunzi wakasimama mahali pao bila kuambiwa. Nikasema (nilikuwa nimeshaingia, nitatokea wapi?) kwamba herufi ziko ndani, hizi mikono ya ndani iliyoshikana, na sukari iko nje, kwa hiyo kila mmoja atashika sukari kwa mkono wa nje. Na mkuu wa idara akapita mstari wa kwanza na mstari wa pili akimwagia kila mwanafunzi ukufi wa sukari kiganjani, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama padri anayekomunisha.

"Huyu nani?" sajini akamwonyesha Nakku.

"Ni sigma, afande. Ndiye anayejua mahali pa kufungua."

"Nani iko ambia yeye?"

"Hakuna, afande. Anapajua tu."

"Nafungua bila luhusa?"

"Afande, ni bakteria. Yuko tumboni."

Akafikiri. Akajishika tumbo kidogo. "Endelea."

Sasa nilipaswa kusema Fungua, na sikuweza. Nyuma ya ua watu walikuwa bado magotini wanasikiliza, na ningetoa sauti ile tena sijui nini kingetokea. Wanafunzi arobaini wananitazama, shuka linanitazama, sajini ananitazama. Nikamtazama Nakku, nikamnong'oneza, "Basi fanya."

Nakku akawaongoza wale wa shukani, taratibu, wakaja wakakaa juu ya kamba. Hakuna kilichotokea. Sajini akahamisha bunduki bega la pili. Kisha Nakku akanyoosha mkono, akamshika bega mwanafunzi mmoja aliyekuwa A, mmoja tu, akamgeuza akatazama nje. Kidole chake kidogo kikateleza kutoka kwa T wake. Yule wa jirani, akiwa hana tena wa kumwegemea, akalegea. Na wa jirani yake. Kimyakimya, bila amri ya mtu, jozi zikaachana mpaka zikafika kumi na mbili zikakoma, na kule na huku wengine wakabaki wameshikana, na katikati palikuwa na nafasi ya duara, nyasi tupu na jua. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo kweli, sigma huishika herufi moja A na kuigeuza nje. Nakku hakuwa amesoma mahali popote. Siku ile hakuna aliyekuwa anajua.)

Nilisahau nilipo. Nilisahau bunduki. Miaka sita nilikuwa nimelisikia somo lile na ilikuwa mara ya kwanza kuliona.

"Hakuna kusukuma?" akauliza sajini, naye sauti imeshuka.

"Hakuna, afande. Haitumii nguvu ya nje wala haiamrishwi. Inataka joto tu kidogo. Ikiwa baridi inakaa pale imefungwa, haifunguki."

"Kama jipu yetu asubuhi," akasema, na akacheka, na aliposikika anacheka nadhani watu wote wa barabara ile walishusha pumzi kwa pamoja.

Halafu akageuka kuwatazama wanafunzi, nami nikageuka. Mkono wa nje wa kila mtoto ulikuwa mdomoni. Mistari yote miwili, A, T, G, C, wanalamba viganja, wengine wamefumba macho. Hawakuwa wameonja sukari tangu muhula uanze, mnategemea nini? Ule uti wa DNA tuliuona unaliwa wote, kushoto na kulia, na hata wale wa shukani mikono yao ilikuwa imetokeza kwa nje inaomba.

Sajini akamimina kilichobaki mfukoni ndani ya kofia yake, "ya uchunguzi," akapanda jipu. Alipopita kwenye mstari wa barabarani akapiga kelele, "Inuka yote, nenda!" na wakainuka mara moja, hawa ambao mimi niliwabembeleza wakakataa.

Dokta Kaggwa alikunja ule mfuko mtupu mara nne, akauweka kwenye mfuko wa koti. Akapenya mwanya. Nikasikia buti la pijo likifungwa. Hakunitazama.

Usiku ule nililia mpaka mto ukalowa, siwafichi, na kilichonitia uchungu zaidi ni kusikia kutoka kwa karani wa idara kwamba ile sukari Dokta aliitafuta miezi mitatu, kilo moja huku nusu kilo kule, kwa ajili ya kwanjula ya mwanawe Jumamosi ile. Kwanjula mnaijua: siku kijana anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa msichana, na sukari haikosi kwenye zawadi. Asubuhi ile alikuwa amechelewa kwa sababu alikwenda kuchukua kilo ya mwisho.

Ijumaa akaniita ofisini. Niliingia nikiwa tayari nimekubali vyupa, vyupa mpaka nizeeke, na nikaanza kuomba msamaha kabla sijafunga mlango, nikataja sukari, nikataja suruali, nikataja wakwe, nikawa nasogea huku na kule mbele ya meza mpaka akaniambia nikae.

"Wakwe watakunywa chai bila sukari kama Waganda wote," akasema. "Barua nimeshaiandika. Nimeketi na walimu wengi, Zaituni, na sijawahi kuiona ikifunguka kama ilivyofunguka jana. Jumatatu unaanza." Akaisukuma ile barua upande wangu. Nilinyoosha mkono kuichukua, na nikaona yeye bado hajauondoa wake.

"Kuna kitu kimoja," akasema. Akageukia dirishani. "Sauti ile niliijua. Miaka sita naisikia ukiwagombeza watu kuhusu vyupa. Gari lilipofika kwenye ua nikakusikia, nikajiambia, huyo ni Zaituni, ameshaanza somo, nimechelewa. Nilijua ni wewe. Na bado nikasimamisha gari, nikafungua buti, nikapiga magoti."

Akaondoa mkono juu ya barua, nami nikaichukua nikatoka.

Kwa hiyo nimefundisha, jamani, miaka mingi, na somo la polimerasi nimelifundisha kila mwaka, na niliapa tangu siku ile kwamba hakuna mwanafunzi atakayesikia sauti yangu ikipanda, kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote, hata wakicheka, hata darasa likiwa soko. Nafundisha polepole, kwa sauti ya chini kabisa. Na kila mwaka, siku ya kwanza, kuna mmoja nyuma anayenyoosha mkono na kulalamika, "Mwalimu, huku hatusikii kitu!" Namwambia asogee mbele, viti vipo.